Ndege Iliyooshwa Msibani

Nilipiga kelele msibani, na sioni haya kusema. Tulikuwa nyumbani kwa marehemu Nesi Namfukwe pale Mpemba, wanawake ndani kwenye mikeka, wanaume nje chini ya turubai, ugali unasongwa uani kwenye sufuria la kukodi. Nilikuwa nimelia kama wengine, nimefuta uso na kitenge, ndipo nikainua macho juu ya kabati la vyombo. Ndege yake ndogo ya plastiki, yenye mabawa na matairi, ilikuwa pale pale ilipokaa miaka yote, juu ya kitambaa cha kufuma. Lakini ilikuwa nyeupe pee, inang'aa! "Nani ameigusa hii ndege?" Mjukuu wa marehemu, Grace, mwalimu wa chekechea, akaja mbio mikono imejaa unga. "Mimi, Shangazi. Wageni wanakuja, nyumba lazima iwe safi. Ilikuwa na matope miaka nenda rudi, nimeisugua na mswaki na sabuni ya vyombo, imetakata." Hapo ndipo nilipopiga kelele, mpaka pambio likakatika. Wamama wakadhani uchungu umenirudia, wakanishika mabega, mmoja akaanza kunipepea. Niacheni jamani, nikawaambia. Sasa hivi simlilii marehemu, nalilia matope.

Grace alinitolea macho, maskini. Simlaumu sana, yeye alizaliwa akaikuta ndege iko juu ya kabati, na hakuna aliyemwambia kwamba matope yale yalipakwa kwa makusudi, kwa sindano, na kwamba bila matope yale mimi leo ningekuwa Ibaba napalilia kahawa ya mtu mwingine. Leo nina yadi yangu ya kupaka rangi magari pale Tunduma, kando ya barabara kuu, na malori ya Lusaka na Lubumbashi yananisubiri mimi, siyo mimi niyasubiri. Habari za kwetu Ibaba, nani alimzaa nani na nani alirithi shamba lipi, naziruka, maana hazimsaidii mtu. Nitaanzia kwenye kile chumba cha nyuma, nyumba hii hii ya Nesi, mwaka ambao nilikuwa binti mwembamba mwenye mdomo mrefu.

Shangazi yangu Atupele alikuwa amepanga kwa Nesi vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa saluni, cha nyuma tunalala mimi na yeye, na katikati ni pazia tu. Enzi hizo tulikuwa bado Mkoa wa Mbeya, biashara ndiyo kwanza imefunguliwa, na Tunduma ilikuwa inafurika kila kitu ambacho wazazi wetu walikikosa: sabuni za kunukia, redio, vitenge, na nywele za bandia za kila rangi kutoka ng'ambo ya mpaka, Nakonde. Chumba kilinuka nywele zilizoungua na dawa ya kulainisha. Tulikula ugali na kapenta, wale dagaa wa Zambia, waliokaangwa na nyanya, na siku saluni ikichangamka, Shangazi alinituma nikanunue chikanda, ile keki ya mizizi na karanga, kwa mama mmoja Mbemba aliyekuwa akiikata vipande kwa uzi. Mimi kusuka sikuweza. Niseme ukweli, niliunguza wateja wawili watatu masikio, na mmoja alikuwa mke wa mchungaji. Lakini mikono yangu ilikuwa imetulia kwenye vitu vidogo. Kuchora kucha, kutoboa masikio, kutoa mwiba, waliniita mimi.

Jioni moja nikiwa nyuma ya pazia nachambua maharage, nilimsikia Baba Mdogo, aliyeshuka kutoka kwetu Ileje, akizungumza na Shangazi kwa sauti ya mtu anayedhani pazia ni ukuta. "Dada, huyu mtoto amekaa mno mpakani. Kazi ya nywele haiwezi, mwenyewe umesema." Shangazi akajibu kwamba nitazoea. "Atazoea lini? Sikiliza. Akipata kazi ya maana, mtu wa maana akanithibitishia, abaki. Asipopata, tukimaliza kuvuna kahawa nakuja kumchukua. Kuna familia imeshauliza habari zake, na wana shamba zuri." Maharage yakanimwagika. Nilimjua kijana wa familia ile. Alikuwa mpole, mwenye heshima, na hakuwa na la kumwambia mtu hata akae naye kutwa. Nikasema moyoni, mimi? Thubutu!

Kesho yake nikaenda kwa Fundi Sichone. Huyu ndiye aliyepaka rangi karibu kila lori lililotengenezwa Tunduma, na alikuwa na desturi yake: gari halitoki kwenye yadi bila jina. Ukileta lori bila jina la kuandika mbele, atalifikiria yeye, na hutalipenda. Nilimwambia nataka kujifunza kazi. Akacheka mpaka kofia ikamwanguka. "Binti, ukipanda juu ya bodi na brashi, madereva watakukodolea macho, watagonga nguzo." Nikamjibu, "Wakigonga si watarudi kupaka upya, Fundi? Kazi itaongezeka." Bashi Chanda, dereva wa Kizambia aliyekuwa akisubiri tela lake likauke, akapiga makofi. "Ee mukwai, naam! Huyo mchukue, huyo." Na hapo hapo, kwenye benchi la yadi, alikuwa ameketi Nesi Namfukwe mwenyewe na boksi magotini.

Nesi alikuwa amestaafu. Miaka ya nyuma alifanya kazi na ndege ndogo ya misheni iliyokuwa ikishuka bondeni Momba, inatua kwenye kiwanja cha nyasi kule Msangano, inachanja watoto na kuwabeba wagonjwa walioshindikana. Ndege ilishaondoka siku nyingi, na rubani alipokuwa anarudi kwao alimwachia Nesi lile boksi. Ndani kulikuwa na ndege ile ile, ya plastiki, ndogo ya kukaa kwenye sinia, lakini vipande vipande: mabawa, matairi, viti, vyote vimeshikana kwenye fremu kama matunda kwenye tawi. Wajukuu zake walikuwa wanamcheka kwamba hajawahi kupanda ndege, anaota. Alitaka iungwe na kupakwa rangi, aiweke pale watakapoiona kila siku. Fundi akakitazama kiti kidogo kuliko punje ya mahindi juu ya dole gumba lake. Akanitazama mimi. "Haya, mwenye mdomo. Iunge hii. Nesi akisema ndiyo yenyewe, njoo na ovaroli. Akisema siyo, usinisumbue tena." Nikalichukua boksi kabla hajabadili mawazo.

Niliiunga saluni, kwenye meza ya kucha, mchana kweupe wateja wakiangalia. Ile karatasi ya maelekezo ilikuwa ya lugha sizijui, lakini picha zilijitosheleza. Tatizo, plastiki ilikuwa butu. Kila kitu kilikuwa kinene. Ukingo wa bawa mnene kama kandambili, mikanda ya viti haikuwepo, bomba la moshi halikuwa na tundu. Nesi alikuwa akipita na kikombe chake cha chai, anachungulia, anasema, "Kulikuwa na waya juu, kutoka hapa mpaka mkiani," kisha anaondoka zake. Basi nikaanza kuongeza. Waya nikautengeneza kwa unywele mmoja wa rasta, niliouvuta karibu na mshumaa mpaka ukanyooka. Mikanda ya viti niliikata kwenye karatasi ya fedha ya pakiti za sigara za Bashi Chanda. Bomba la moshi nililitoboa kwa sindano ya moto. Saa za mbele ya rubani nikazichora kwa ncha ya mwiba, kila moja nikaidondoshea tone la rangi ya kucha isiyo na rangi, na zikawa na vioo. Wateja walisahau nywele zao. "Hebu tuone, Tusekile! Hicho ni kiti kweli?" Shangazi akaanza kulalamika kwamba saluni imekuwa karakana, lakini nilimwona akiwaeleza watu kazi yangu kwa majivuno, kana kwamba yeye ndiye aliyetoboa bomba.

Rangi ndiyo iliyotaka kuniua. Fundi alijitolea kuipiga mwenyewe kwa kompresa, rangi ya malori, imechanganywa na thina. Mimi na yeye tulijua chuma, nani angetuambia kuhusu plastiki? Rangi ilipotua, bawa la kushoto likaanza kujikunja na kuvimba usoni kama ngozi ya maziwa yanayochemka. Fundi alitupa bunduki ya rangi chini. "Tobaaa! Nimemuua Nesi!" Nikamwambia asimame pembeni. Nilikisubiri kidonda kikauke, nikakipaka puti ile ile ya kuziba mabati yaliyobonyea, nikakipiga msasa mlaini kwa maji, taratibu, mpaka kidole hakisikii kovu. Kisha tukatumia rangi ya maji ya kuchorea mabango, kwa brashi. Siku ile Fundi alininunulia soda. Tulipomaliza tukaipiga mstari mwekundu ubavuni, tukaifungia madigadi madogo ya mpira nyuma ya matairi, na kwa kuwa desturi ni desturi, Fundi akaandika jina puani kwa herufi za mapambo: WIVU WA NINI.

Tuliipeleka sebuleni kwa Nesi, Baba Mdogo naye amekwisha kuja, kahawa imeshavunwa, amekaa na mkoba wake magotini tayari kwa safari. Kulikuwa na chai ya maziwa na viazi vitamu. Nikaifunua. Nesi alisoma lile jina, akacheka, chai ikamwagika kwenye gauni. Akaigeuza, akatazama ndani kwenye vioo, akagusa waya kwa ukucha. Mimi nilikuwa nimeshajiona ndani ya ovaroli. Kisha akaiweka chini akasema polepole, "Nzuri sana, mwanangu. Mikono unayo. Lakini siyo yenyewe." Fundi akatazama kofia yake. Baba Mdogo akakohoa. "Basi. Mtu wa maana ameshasema. Jumatatu tunapanda gari." Mwingine angelia. Mimi nilikasirika. "Siyo yenyewe kwa nini, Nesi? Niambie kinachokosekana. Leo ni Jumatano." Baba Mdogo alitaka kunikaripia, Nesi akainua mkono. "Ndege yetu haikuwahi kuwa safi," alisema. "Hata siku moja. Hii haijawahi kumbeba mtu."

Ah, kama ni uchafu tu! Nilifuta lile jina, nikang'oa madigadi, nikachota vumbi la barabarani hapa Mpemba, nikalisaga, nikalipaka kwa brashi ya poda. Nililipaka kama ninavyolijua: nyuma ya matairi kwa wingi, mkiani kote, kwenye vioo nikaacha nusu duara za waipa. Nilijua uchafu, nimekulia kando ya malori. Nesi aliitazama, akanitazama. "Hii imetoka Dar na mzigo wa mbolea," akasema. "Tusekile, hewani nani anakurushia vumbi la nyuma? Na waipa hatukuwa nayo." Nikacheka, nilishindwa kujizuia. Ndiyo maana nilimpenda yule mama, alikuwa anakupa makavu bila kukuumiza. "Vaa viatu vya kufunga," akaniambia. "Tunaenda Msangano."

Tulishuka bondeni Ijumaa kwenye pikapu ya mfanyabiashara wa ng'ombe, Nesi kakaa mbele, mimi nyuma na magunia matupu. Joto lilikuwa linaongezeka kila kona. Kiwanja kilikuwa kimekuwa malisho, ng'ombe wamelala pale ndege ilipokuwa ikikimbilia, na mvua ilikuwa imepita, kwa hiyo ardhi ilikuwa nyeusi, inang'ang'ania viatu mpaka unatembea mrefu kuliko ulivyo. Nesi akawa ananionyesha kwa mikono. Matope yaliruka kutoka matairini yakapiga chini ya bawa, hapa na hapa. Mafuta ya injini yalitiririka tumboni kuelekea nyuma, mstari mwembamba mweusi, kwa sababu upepo ndio uliokuwa ukiyavuta. Ngazi ya mlangoni ilikuwa imechubuka rangi, kwa sababu ya miguu ya akina mama. Nikawa nimeelewa karibu yote, ndipo akatokea mama mmoja wa Kisukuma, mwenye mtoto wa kike anayemvuta kanga, akasimama, akapiga yowe. "Nesi wa ndege! Wewe si Nesi wa ndege?" Wakakumbatiana, wakalia, na mimi nimesimama na mfuko wangu wa matope kama mjinga.

Mama yule anaitwa Mama Minza. Enzi za ndege aliletwa pale kwa mkokoteni wa ng'ombe, uchungu wa siku mbili, mtoto amekaa vibaya, na kila mtu ameshamkatia tamaa. Rubani na Nesi walimnyanyua, na yeye akaukamata ukingo wa mlango akagoma kuingia, kwa hofu ya ndege, vidole vyote vina matope kwa sababu alikuwa ameanguka. "Nilishika hapa," akasema, akiishika hewa kwa mkono wa kulia, juu kidogo ya bega lake. "Nesi alinibandua kidole kimoja kimoja, ananiambia, mwanangu, huko juu ndiko kwenye uzima." Nesi akasema vile vidole vilibaki mlangoni mpaka ndege ilipoondoka. Rubani alitaka kuvifuta, yeye akamkatalia. Yule mtoto mwenye kuvuta kanga alikuwa ndiye Minza mwenyewe. Nikauliza tu, mlango ulikuwa upande gani, na ulifunguka kwenda mbele au nyuma?

Jumamosi nzima nilifanya kazi sijui hata kama nilikula. Mlango nilikuwa nimeugandisha. Nikaukata kwa wembe, nikaufungua kwa mbele, na ndani nikaweka machela ya njiti za kiberiti na kipande cha bandeji. Matope ya Msangano niliyakausha juani, nikayachekecha kwa soksi ya nailoni, nikayapaka chini ya bawa pale yalipopaswa kupiga. Mstari wa mafuta nikauvuta kwa unywele, kuelekea nyuma. Ngazi nikaichubua. Mwisho, kwenye ukingo wa mlango, kwa ncha ya sindano, nikaweka alama za vidole vinne na dole gumba kwa ndani. Ukiwa mbali huvioni. Jumapili baada ya ibada tukakusanyika tena, chai ile ile, Baba Mdogo na mkoba wake. Nesi hakuigeuza safari hii. Aliinama mlangoni, akavaa miwani, akakaa hivyo kwa muda mpaka Fundi akaanza kutikisa mguu. Nilimwona anahesabu kwa midomo. Kisha akavua miwani akasema, "Mama Minza." Akalia waziwazi mbele ya wanaume, bila kujificha. "Ndiyo yenyewe. Ndiyo ndege yangu." Fundi Sichone akainuka, akamgeukia Baba Mdogo, akasema kwa sauti ya kutangaza harusi, "Mzee, huyu kesho asubuhi nampa ovaroli." Na Baba Mdogo, namheshimu kwa hili, aliifungua mikanda ya mkoba wake, akatoa chupa ya asali aliyokuwa ameiandaa kwa ajili ya wakwe, akampa Nesi.

Kwa hiyo mtaelewa kwa nini nilipiga kelele msibani. Nilikuwa nimekaa pale mkekani, ndege nyeupe mapajani, nikifikiria pikapu ya kunishusha bondeni kuchota matope mvua hizi, maana udongo wa kaburini sikuweza kuugusa, watu wangesema mengine. Grace alikuwa anapitapita, anaogopa kunitazama. Ndipo nje kukawa na sauti za kupokea wageni waliotoka mbali. Akaingia mama mzee, mrefu, ameshikwa mkono na binti mtu mzima mwenye nguo nzuri za mjini, na miguuni viatu vya yule mama vimebeba matope meusi mpaka kwenye vifundo. Alisafiri tangu alfajiri, gari lao lilinasa kule kule Msangano wakashuka kulisukuma. "Nesi wa ndege yuko wapi?" akauliza, ingawa alijua. Kabla sijasimama nikamwona Grace anakuja mbio, binti mwenye adabu, na beseni la maji ya kumwosha mgeni miguu.

"Grace!" nikasema. "Weka hilo beseni chini." Nikamwinamia Mama Minza, shikamoo, nikamvua viatu kwa mikono yangu. Nikaagiza sindano na kifuniko cha chupa. Wanawake wakasogea, pambio likaanza tena taratibu, na mimi nikayakwangua matope ya Msangano viatuni, nikayalainisha kwa tone la maji, nikaishusha ndege mbele yake, mlango umefunguka. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi. Minza akamwongoza mkono mpaka ukagusa ukingo. "Hapo," mama akasema. "Nilishika hapo." Nikaweka kidole cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne, na dole gumba kwa ndani. Grace alichuchumaa kando yangu muda wote, ananishikia kifuniko, machozi yanamdondoka. Tulipoirudisha juu ya kabati akaniuliza kwa woga kama angalau anaruhusiwa kuipangusa vumbi. Nikamwambia apanguse kabati.